Simu imegoma: tazama haya kabla hujaja kwa fundi

Kazi yangu ni kutengeneza simu, hapa Chake Chake, Pemba. Simu nyingi zinazoletwa mezani kwangu hazijafa. Zina uchafu, zina chumvi, zimechajiwa kwa chaja mbovu, au mwenyewe amesahau neno la siri. Na zile zilizokufa kweli, nyingi zimeuliwa na yale yaliyofanywa saa ya kwanza baada ya tatizo: zimewashwa zikiwa na maji, zimeanikwa juani, zimechokolewa kwa pini. Hilo ndilo linaloniuma, maana simu siku hizi ni pochi ya mtu, ni daftari lake la madeni, na pengine ni pahala pekee palipobaki picha ya marehemu mama yake. Nimeziandika dalili kama wateja wanavyozitamka, na chini ya kila moja namna ya kukitafuta chanzo mwenyewe, nyumbani.

"Fundi, haiingizi chaji"

Usianze na simu, anza ukutani. Chomeka kitu chengine kwenye soketi ile ile uone kama umeme upo. Kisha azima kichwa cha chaja kinachofanya kazi, kisha waya mwengine. Badilisha kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kosa lilikuwa wapi. Mara nyingi ni waya. Hukatika ndani, karibu na shingo, pale unapopindwa kila siku, na kwa nje hauoneshi jeraha lolote. Ukiona simu inachaji ukiushika waya hivi na inaacha ukiuachia, umeshapata jawabu.

Waya mzima ukichomekwa lakini unalegea, haukai sawa na husikii ule mguso wa mwisho, tundu limeziba. Nyuzi za mfukoni huingia kidogo kidogo, na kila unapochomeka chaja unazishindilia ndani, mpaka zinakuwa godoro dogo chini ya tundu na ncha ya waya haifiki tena. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja aliyekwishaambiwa pengine kuwa betri imekufa, anunue nyengine. Niliielekeza taa ndani ya tundu, nikatoa donge jeupe la nyuzi za kanzu, ukubwa wa punje ya mchele. Simu ikalia "tin", ikaanza kuchaji pale pale mkononi mwake.

Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe. Zima simu kabisa. Chukua chelewa moja kavu, ichonge ncha iwe nyembamba na bapa, au tumia kijiti cha meno. Chokoa taratibu kutoka pembeni ukivuta nje. Kwenye matundu ya siku hizi ya mviringo kuna ulimi mwembamba katikati. Huo usiuguse wala usiuegemee, maana ukivunjika ni kubadili tundu zima. Pini, sindano na ncha ya mkasi ni chuma, na chuma kinagusanisha vinavyotakiwa vikae mbali mbali. Na usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, unaongeza maradhi.

Ukitazama ndani ukaona rangi ya kijani au nyeusi badala ya nyuzi, hiyo ni kutu. Acha hapo, lete. Na kama kioo kinaonesha alama ya tone la maji, simu imehisi unyevu tunduni na imekataa chaji kwa makusudi. Usiilazimishe. Iweke penye upepo tundu likitazama chini, na ujaribu tena baada ya saa kadhaa.

"Inachaji siku nzima haijai" na "inajibonyeza yenyewe"

Dalili mbili hizi naziweka pamoja kwa sababu mzizi wake mara nyingi ni mmoja, chaja ya bei rahisi. Soma maandishi madogo kwenye kichwa cha chaja. Palipoandikwa OUTPUT, yaani umeme unaotoka, utakuta kitu kama 5V na 1A, au 5V na 2A. Hiyo A ndiyo wingi wa umeme, na mAh iliyoandikwa kwenye betri ni kiasi inachobeba. Simu yenye betri ya mAh 5000 ukiichaji kwa 1A itachukua zaidi ya saa tano hata kila kitu kikiwa sawa. Kwa hiyo pengine hakuna kilichoharibika, chaja ni ndogo kwa simu hiyo. Lakini zipo chaja zilizoandikwa 2A na hazitoi hata nusu yake. Ziinue tu mkononi: ni nyepesi kama kiberiti kitupu, kwa sababu vile vilivyotakiwa kuwemo ndani kwa usalama wako havimo.

Kioo kinachojibonyeza chenyewe kinawatisha watu sana. Nimeletewa simu na mama aliyekuwa ameshaisomea dua, akiamini kuna mtu anaichezea kwa mbali. Jaribio ni dogo: chomoa chaja. Kama kioo kimetulia mara moja, kosa ni la chaja, umeme wake si safi na unakichanganya kioo. Kama hakikutulia, bandua protekta, futa jasho na mafuta kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena. Kikiendelea, huenda kioo kimeingia maji, kina ufa, au betri imefura na inakisukuma kutoka ndani. Hilo la mwisho nitalirudia, maana ni la hatari.

Wapo wanaosema simu inawatekenya vidoleni ikiwa kwenye chaja. Mtekenyo hafifu kwenye simu ya chuma unaweza kutoka hata kwa chaja nzuri. Lakini ikikurusha, au ukisikia harufu ya plastiki kuungua, zima soketi kwanza ndipo uchomoe, na chaja hiyo usimpe mtu mwengine. Itupe.

Na umeme ukikatika, chomoa. Pemba tunapata umeme kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ni neema kubwa kwa sisi tunaokumbuka majenereta. Hata hivyo ukikatika na kurudi, ile dakika ya kurudi umeme unaweza kupanda na kushuka kabla ya kutulia. Subiri dakika tano, angalia taa zimetulia, ndipo uchomeke. Nimebadilisha sistimu ya chaji kwenye simu nyingi zilizoachwa ukutani usiku wa kukatika-katika.

"Imeingia maji"

Hapa ndipo sisi watu wa visiwani tunapopoteza simu nyingi kuliko pahala pengine popote. Kwanza niulize: maji gani? Maji ya mvua na maji ya bahari si maradhi mamoja. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri sana. Betri ikiwa imo na simu imewaka, umeme unapita pasipostahiki na shaba ya ubao wa umeme ulio ndani ya simu inaanza kuliwa saa ile ile. Nimefungua simu iliyotumbukia asubuhi, na jioni nikakuta miguu ya vipande vidogo imeshavaa ukungu wa kijani. Tena maji yakikauka chumvi haiondoki. Inabaki ndani ikivuta unyevu wa hewani, na hewa yetu wakati wa masika unaijua. Ndiyo maana mtu husema, "Ilipona, nikaitumia wiki mbili, halafu ikazima ghafla." Haikupona. Ilikuwa inaliwa.

Alikuja mama mmoja mkulima wa mwani, kanga bado imelowa, simu ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Maji yalikuwa yanajaa, amejipinda kufunga kamba, simu ikamtoka kifuani.

"Mwanangu, picha za harusi ya binti yangu zimo humu."

"Umeizima saa ngapi, mama?"

"Pale pale. Nikatoa na betri. Sikuiwasha tena."

Ilikuwa simu ya zamani kidogo, yenye mfuniko unaofunguka. Nikaifungua, nikaiosha, nikaikausha. Kesho yake picha zote zilikuwepo. Angeibonyeza mara moja tu kutazama kama nzima, sidhani kama ningeweza kumsaidia.

Basi fanya kama yeye. Ikitoka majini, izime. Kama imejizima, iache hivyo hivyo, usijaribu. Usiitie kwenye chaja hata kama unaona imekauka. Vua kava, toa laini na memori kadi, na betri kama inatoka. Elekeza tundu chini na uipigepige taratibu kiganjani maji yateremke. Usiitikise kwa nguvu, unayasambaza. Ikiwa ni kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kilichoanguka baharini na betri umeshaitoa, kisuuze kwa maji baridi safi yasiyo na chumvi, kisha ukifute. Najua inaogopesha kumwagia simu maji zaidi, lakini maji baridi bila betri hayana madhara kama chumvi inayokaa. Betri yenyewe usiioshe. Simu kubwa isiyofunguka wewe usiifungue. Ifute nje, ilete siku hiyo hiyo. Kesho ni mbali.

Zile zinazotangazwa kuwa haziingii maji, zenye alama ya IP67, zimepimwa kwenye maji baridi, kina cha mita 1 kwa dakika 30. Bahari haimo kwenye kipimo hicho. Mpira wa kuzuia maji huchakaa, na simu ikishafunguliwa na fundi mara moja usiitegemee tena. Ikiloa maji ya bahari, isuuze nje kwa maji baridi kabla chumvi haijakauka.

Kuhusu mchele, naomba tuuache kwenye pilau. Mchele hautoi chumvi ndani ya simu, na vumbi lake linaingia tunduni. Kampuni ya Apple yenyewe iliwaambia wateja wake mwaka 2024 wasiweke simu kwenye mchele. Siku tatu za mchele ni siku tatu za kutu. Jua la mchana, feni ya kukaushia nywele na kando ya jiko nazo ziache, zinalegeza gundi na kuiumiza betri.

Ukifika kwa fundi, una haki ya kumuuliza anaosha kwa nini. Ajibu alkoholi ya isopropili, na brashi laini. Akikwambia petroli au tina ya rangi, ondoka na simu yako, maana vitu hivyo vinakula plastiki na gundi. Na mwambie mapema kama unachokitaka zaidi ni picha au simu yenyewe. Kazi zake si sawa, na fundi akijua ataanza na kile unachokililia.

Kwa wavuvi na kina mama wa mwani: mfuko wa mkate uliofungwa fundo si kinga. Tafuta mfuko mgumu wa kubana kwa klipu, unaoning'inia shingoni. Kabla hujauamini, weka karatasi laini ndani, ufunge, uzamishe kwenye ndoo nusu saa ukiukandamiza kwa jiwe. Karatasi ikitoka kavu, ndipo utie simu.

"Inapata moto" na "mgongo umeinuka"

Simu ikipata joto ukiwa unapiga picha za video, au inachaji huku unaitumia, ni kawaida. Watengenezaji wengi wanasema simu itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na kaskazi likikaza hapa kwetu, ukiongeza jua la mchana juu ya dashibodi ya gari, umeshavuka mbali. Itoe kava, iweke kivulini. Usiitie kwenye friji. Ikitoka humo umande unajikusanya ndani. Joto lisiloeleweka, simu imelala tu mezani na inachemka, ni ama programu inayofanya kazi kwa kificho au betri inayoharibika. Zima na uiwashe. Likirudi, futa programu ulizoziweka karibuni, khasa zile ulizotumiwa na mtu badala ya kuzichukua dukani kwake Google.

Betri iliyofura haina mjadala. Iweke simu juu ya meza iliyo sawa, uguse kona. Ikiyumba kama ngalawa, au mfuniko umeachana na fremu, au kioo kimeinuka upande mmoja, ndani mna gesi. Betri za lithiamu zikizeeka, zikichemshwa au zikichajiwa vibaya, hutoa gesi hiyo, na kinachoizuia ni karatasi nyembamba tu. Usiikandamize irudi, usiitoboe, na usiichaji "mara moja ya mwisho nihamishe namba". Izime, iweke nje pasipo na vitu vya kuungua, kwenye sufuria yenye mchanga ukiweza, kisha niite au iletwe ikiwa imezimwa. Wapo wanaozitoboa kwa sindano ili zilale. Ukitoboa unaweza kuwasha moto usioweza kuuzima kwa kanga.

Na hapa nasema kama baba wa watoto watatu: simu isichajiwe kitandani. Godoro la sponji linaziba joto, chandarua cha nailoni kinashika moto upesi, na mtu amelala. Weka sakafuni, kwenye saruji, au juu ya sahani ya udongo, mbali na pazia. Mtoto mdogo asiachiwe waya ulio ukutani. Wao kila kitu hutia mdomoni.

"Chaji inakwisha upesi"

Betri ni kitu kinacholiwa. Baada ya mizunguko mia tano hivi ya kujaa na kuisha, nyingi hazibebi tena kiasi kile cha mwanzo. Ikiwa simu ina miaka mitatu, ubadilishe tu betri, usitafute mchawi. Ikiwa mpya, fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio uone nani anakula. Mwanga wa kioo ndio mlaji wa kwanza. Wa pili ni kutafuta mtandao: kwenye boti kutoka Mkoani kwenda Unguja, ukiwa kati kati ya bahari hakuna mnara, na simu inapaza sauti yake kila dakika kuutafuta. Watu wanafika bandarini Malindi, Unguja, simu zimezima, hawawezi kumpigia anayewapokea. Weka alama ya ndege mpaka uone majumba. Kuiacha ichezee baina ya asilimia 20 na 80 kunaipa betri umri mrefu kuliko kuikausha kila siku, lakini usiugeuze kuwa mateso. Ukihitaji ijae, ijaze.

"Wananiambia hawanisikii"

Tazama kitundu kidogo cha maikrofoni chini ya simu. Kava la kuazima limekiziba, au unga, au mchanga. Vua kava, piga simu. Basi. Usikitie sindano, nyuma yake kuna kijiwambo chembamba sana.

"Inadai akaunti nisiyoijua"

Hili halihusu bisibisi wala maji, na ndilo linalowatoa watu machozi kuliko yote. Simu nyingi za Android zilizotoka tangu 2015 zikifutwa kila kitu kwa nguvu hudai akaunti ya Google iliyokuwemo. Ni kinga dhidi ya mwizi, na ni kinga nzuri. Shida ni kwamba kwetu watu wengi akaunti hawakuifungua wenyewe. Kijana wa dukani aliifungua siku ya kununua, akaweka jina alilolitaka yeye na neno la siri alilolisahau jioni ile ile. Miaka miwili baadaye bibi amesahau mchoro wa kufungulia, mjukuu kaifuta simu, na sasa simu nzima ni kigae.

Leo, simu ikiwa imefunguka, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti, usome barua pepe iliyomo. Huijui? Fungua yako mwenyewe, iweke, uitoe ile. Andika anuani na neno la siri kwenye daftari linalokaa kabatini. Wazee wangu, msiwape vijana wa dukani kazi hii; mwiteni mtoto au mjukuu mnayemuamini, na mwambieni akae mpaka mwisho. Akaunti hiyo hiyo ndiyo itakayokuhifadhia picha na namba simu ikizama, na ndiyo itakayokusaidia kuitafuta ikipotea.

"Pesa zimeondoka"

Simu haijaharibika hapa, lakini huletwa kwangu vile vile. Ujumbe umeingia: ile pesa itume kwenye namba hii. Au mtu amepiga, anajifanya wa huduma kwa wateja, anataka namba ya siri au tarakimu sita za WhatsApp zilizokuja kwa ujumbe. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayehitaji hizo. Ujumbe wa kitapeli upelekee namba 15040, bila malipo. Kisha piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Tangu usajili wa alama za vidole wa 2019 na 2020, laini iliyo kwenye jina lako inakuhusu wewe, hata kama inatumiwa na mtu usiyemjua. Ukikuta usiyoitambua, nenda ofisini kwa mtandao huo ikafungwe. Kama pesa imeshatoka, piga huduma kwa wateja dakika hiyo hiyo waizuie kabla haijatolewa kwa wakala. Ukisubiri mpaka asubuhi kwa kuona haya, imekwenda.

Na kabla hujaifunga simu hii unayosomea, bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15, za kila laini, nazo ni namba ya utambulisho wa simu yenyewe (IMEI). Zinakili kwenye lile daftari la kabatini, siyo ndani ya simu. Ikiibiwa, polisi watakuuliza hizo, na mtandao utazihitaji ili simu ifungiwe.